Kubadilisha bafu la zamani kuwa la vigae lisilosumbua kutunza

Bafu la zamani linajulikana: sakafu ya niru iliyochunika, nusu ukuta wa rangi ya mafuta inayobanduka, bomba la chuma linalooza kwa kutu ndani ya ukuta, na dimbwi dogo kwenye kona ambalo halifiki kwenye tundu la kutolea maji. Wengi hubandika vigae juu ya hayo yote wakaona kazi imekwisha. Baada ya muda mistari inageuka myeusi, vigae viwili vitatu vinavuma ukivigonga, na ukuta wa chumba cha pili unaanza kutoa unyevu na chumvi nyeupe. Kigae hakina kosa hapo. Usumbufu wa bafu unaamuliwa na mambo manne ambayo mgeni hayaoni: mteremko wa sakafu, tabaka la kuzuia maji, gundi iliyojaa nyuma ya kigae, na grauti isiyonyonya, ile ya kujaza mistari kati ya vigae. Pesa ikipungua, chukua kigae cha bei nafuu, lakini hayo manne usiyaguse.

Maelezo haya ni ya bafu la matofali ya sementi lililo chini, siyo ghorofani, lenye sehemu ya kuogea ya sentimita 90 kwa 120, kuta tatu, na vigae hadi urefu wa mita 2.1. Bafu kama hilo liko kwenye nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Vipimo vyako vikiwa tofauti, hesabu ni ile ile.

Kununua

Kuta tatu zina upana wa mita 3 kwa jumla (0.9, 1.2 na 0.9), ukizidisha kwa 2.1 unapata mita za mraba 6.3. Sakafu ni mita za mraba 1.08. Ukutani chukua kigae cha sentimita 30 kwa 60: kikilazwa, ukuta wa nyuma unaingia vigae viwili kamili kwa mstari, kuta za pembeni kimoja na nusu, na kwenda juu ni mistari saba. Vinatumika 35. Nunua 40, kwa sababu vingine vitavunjika wakati wa kukata na vingine utaviweka akiba. Akiba hiyo ni muhimu, maana ukirudi dukani baada ya miaka mitatu, rangi ile ile huwa imeshabadilika kidogo hata kama jina la kigae ni lile lile.

- Vigae vya sakafu: mita za mraba 1.3, vidogo, sentimita 10 kwa 10 au vya mozaiki
- Sementi: mifuko 2 ya kilo 50, mchanga wa mto uliochekechwa, ndoo 10 za lita 20
- Kizuia maji cha sementi chenye sehemu mbili, unga na maji yake: kilo 24 hivi, kwa kilo 3 kila mita ya mraba, pamoja na utepe wake wa kona mita 12
- Gundi ya vigae ya daraja C2TE (ya sementi iliyoboreshwa, isiyoporomoka ukutani na inayochelewa kukauka): kilo 40
- Grauti ya epoksi: kilo 2 hadi 3
- Silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuvu: mirija 2
- Trapu ya sakafuni (tundu la kutolea maji linalobakiza maji ndani ili kuzuia harufu) yenye ukosi mpana, yaani ukingo bapa kuzunguka mdomo wake, na kichujio kinachotoka, bomba la PVC la milimita 50, mabomba ya plastiki ya PPR ya milimita 20 ya kuleta maji na viungo vyake

Ukiuliza vigae, uliza kwanza kama ni poseleni au seramiki. Poseleni hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Seramiki nyingi za ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10. Kipime mwenyewe: dondosha maji nyuma ya kigae, pale pasipo na rangi. Tone likizama mara moja, hicho ni kigae cha kunyonya. Ukutani kinaweza kutumika kukiwa na tabaka zuri nyuma yake, lakini sakafuni usikiweke.

Kigae cha sakafu kisiwe cha kung'aa. Kwa miguu mitupu kuna kipimo cha Kijerumani cha A, B na C. Sehemu ya kuogea inataka B. Sanduku lisipoandikwa, mwagia kigae maji ya sabuni, kisugue kwa kisigino, uone kama mguu unakimbia. Udogo wa kigae nao unasaidia: unafuata mteremko bila kukatwa mishazari, na mistari mingi inaushika mguu. Ukutani ni kinyume chake, kigae kikubwa ndicho kizuri kwa sababu mistari ya kusugua ni michache.

Kubomoa

Funga valvu kuu, fungua koki ili maji yote yaishe, na uzime umeme wa shawa kwenye sakiti breka, siyo kwenye swichi tu. Ziba tundu la zamani kwa matambara kabla ya kugonga chochote. Kipande cha plasta kikiingia kwenye bomba la kutolea maji, utakikuta tena kazi ikiwa imekwisha na vigae viko juu yake.

Anza juu ukishuka. Vigae vya zamani vitoe kwa tindo pana ukiilaza, siyo kwa kuisimamisha. Vaa miwani na barakoa, hasa ukitumia grinda: vumbi la sementi na la kigae lina madini yanayoharibu mapafu, na kitambaa cha kujifunga puani hakilizuii. Loanisha ukuta kila mara.

Vikishatoka, gonga plasta yote kwa mpini wa mwiko. Panapovuma pamebanduka kwenye tofali, pang'oe hadi pakutane na mlio mkavu. Rangi ya mafuta itoe yote, au ichongechonge mpaka ukuta uonekane, maana gundi ikishika rangi, uzito wote unaning'inia kwenye rangi. Sakafu vunja hadi jamvi, yaani zege la chini, ili upate nafasi ya mteremko na trapu. Pasipovunjwa, sakafu mpya huja kuwa juu kuliko ya korido, na maji yanajua pa kwenda.

Mabomba na umeme

Bomba la chuma lililokaa ukutani miaka mingi usilifukie tena, hata kama halivuji leo. Badilisha hadi kwenye valvu. PPR inaunganishwa kwa kuchomea kwenye mashine yenye joto la nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linataka sekunde 5 za kupashwa, la milimita 25 sekunde 7, kisha liingize moja kwa moja bila kulizungusha. Likizidishwa moto, plastiki inafura ndani na kubana njia. Shawa itatoa maji kidogo, na kila mtu atalaumu tangi.

Tangi lenyewe nalo lipimwe. Kila mita moja ya kimo kutoka tangi hadi kichwa cha shawa inatoa presha ya bar 0.1. Tangi likiwa mita 3 juu ya kichwa, una bar 0.3 tu, vile vichwa vipana vya mvua havitafanya kazi bila pampu. Chagua kichwa kidogo chenye matundu ya mpira laini. Matundu hayo ukiyapitisha kidole, chumvi ya maji ya kisima inadondoka yenyewe.

Koki ya kuchanganyia iwe sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafu iliyokamilika, kichwa sentimita 200 hadi 210. Kabla ya kufukia, ziba ncha zote na upime kwa pampu ya presha: bar 10 kwa saa moja, sindano isishuke. Fundi bomba asiye na pampu aazime. Kiungo kinachodondosha tone moja kwa dakika hukioni ukutani, ila utakiona kwenye rangi ya chumbani.

Bomba la kutolea maji liwe la milimita 50, na lishuke angalau sentimita 2 kwa kila mita hadi kwenye chemba. Trapu iwe na kimo cha maji cha milimita 50 ndani yake. Hayo maji ndiyo yanayozuia harufu na mende. Zile zenye maji kidogo hukauka mkisafiri wiki mbili.

Shawa ya umeme ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampea 24. Inataka waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka, wa milimita za mraba 4 (6 kama njia ni ndefu), breka ya ampea 32, ethi iliyofungwa kweli, na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30. Kuunga shawa kwenye waya wa taa au wa soketi ni njia ya moto na ya kifo, hata ikionekana inafanya kazi. Maji yakiwa ya chumvi, nunua shawa iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi: koili ya kawaida inaliwa mapema, na maji hayo hupitisha umeme kirahisi kuliko ya mvua. Hapa aitwe fundi umeme mwenye leseni.

Ukitaka shubaka la sabuni, litengeneze sasa, kimo cha sentimita 110 hivi, kwenye ukuta wa ndani ya nyumba. Shubaka ni bora kuliko rafu ya chuma, ambayo pwani haimalizi msimu bila kutu. Chini yake pawe na mwinamo wa milimita 3 kuelekea nje ili maji yasilale humo.

Plasta na mteremko

Plasta iwe ndoo moja ya sementi kwa nne za mchanga, unene wa milimita 15, imenyooka kwa rula ya alumini na timazi. Usitumie mchanga wa bahari: chumvi yake haiishi, itatoka kwenye mistari miaka yote. Usiisugue ikawa laini wala usipige niru, kizuia maji kinataka ukuta wenye mikwaruzo.

Sakafu ndiyo kazi yenyewe. Weka trapu kwanza, uifunge kwa zege, kisha fanya hesabu ya kimo chake. Juu ya sakafu ya mchanga na sementi kutakuja milimita 2 za kizuia maji, 4 hadi 5 za gundi, na 7 hadi 8 za kigae, kama milimita 14. Kichujio kinatakiwa kikae milimita 1 au 2 chini ya uso wa kigae, kwa hiyo kisimame milimita 12 juu ya sakafu hii. Mafundi wengi hukiweka kwa macho. Kikiwa juu kwa milimita 3, unapata bwawa la kudumu kukizunguka, na hapo ndipo utelezi na weusi vinapoanzia.

Mteremko ni milimita 20 kwa mita. Trapu ikiwa katikati, kutoka hapo hadi kwenye kona ni sentimita 75, hivyo kuta zote ziwe milimita 15 juu ya trapu. Piga mstari wa pimamaji kuzunguka kuta, uwe mmoja usiopanda wala kushuka, kisha vuta rula kutoka mstarini hadi trapuni. Ukipenda vigae vikubwa chini, nunua mfereji mrefu wa chuma cha pua ukae kando ya ukuta mmoja. Hapo sakafu inainama upande mmoja tu, milimita 24 kwa sentimita 120, na hakuna kukata mishazari. Unene usipungue milimita 30 popote. Mlangoni jenga kizingiti cha sentimita 8, na juu yake painame kurudi ndani.

Mwagia maji siku 7 mfululizo, kisha acha pakauke wiki nyingine. Haraka ya hapa haina faida: sakafu inayoendelea kusinyaa hupasua kilicho juu yake.

Tabaka la kuzuia maji

Kigae na grauti havizuii maji. Vinalinda tabaka hili lisichubuke. Fagia, loanisha ukuta bila kuacha maji yakisimama, na upake mkono wa kwanza kwa brashi ngumu, kwa kulaza. Ukiwa bado mbichi, zamisha utepe kwenye kona zote: ukuta kwa ukuta, ukuta kwa sakafu, kizingiti, na shubaka. Kwenye trapu, tabaka lipande juu ya ukosi wake likiwa na kitambaa cha nyuzi katikati. Panapovuja mapema mara nyingi ni pale. Mkono wa pili upakwe kwa kusimamisha baada ya saa 4 hadi 6, mpaka unene ufike milimita 2. Sakafuni na kuta zote hadi juu, na nje ya kizingiti ongeza sentimita 30.

Acha siku tatu. Kisha ziba trapu kwa puto au kizibo, jaza maji kimo cha sentimita 5 bila kuvuka kizingiti, weka alama ya penseli ukutani, na usiguse kwa saa 24. Angalia alama, angalia nje ya ukuta, angalia chumba cha jirani. Maji hupungua kidogo kwa kukauka. Ili kulijua hilo, weka beseni la maji kando lenye alama yake, ulinganishe. Yakishuka kuliko ya beseni, tafuta na upake upya. Kipimo hiki kinagharimu siku moja na maji ya bomba, na bila hicho usimruhusu fundi afungue sanduku la vigae.

Kubandika

Panga vigae chini vikavu kwanza. Plasta imekula nafasi, huenda ukuta wa nyuma sasa ni sentimita 117. Kata pande zote mbili sawasawa, usimalizie na kipande cha vidole viwili kwenye kona. Vigae virefu huwa na mpindo kidogo katikati, kwa hiyo vipange mstari juu ya mstari. Ukivipishanisha, visizidi theluthi moja.

Funga ubao ulionyooka kwa pimamaji kwenye kimo cha mstari wa pili na uanzie hapo. Mstari wa chini kabisa unabandikwa mwisho, baada ya sakafu, ili kigae cha ukuta kikae juu ya cha sakafu na maji yateremkie mbele, siyo nyuma. Ubao uwekwe kwa gundi ya moto au uegemezwe kwa matofali. Misumari itatoboa tabaka ulilolipima jana.

Gundi ichanganywe kwa maji yaliyoandikwa mfukoni, iache dakika 5, koroga tena. Ukichanganya uji wa sementi badala ya gundi, poseleni haitaushika, kwa kuwa hainyonyi. Tandaza kwa mwiko wa meno ya milimita 10, mistari iende upande mmoja, na nyuma ya kigae pakaza tabaka jembamba. Bonyeza ukisukuma kukata mistari, siyo kuifuata, ili hewa itoke. Kila baada ya vigae vitano ng'oa kimoja, uangalie mgongo wake: gundi iwe imefunika asilimia 95. Ule mtindo wa madonge matano, manne ya kona na moja la kati, unaacha mifuko ya hewa inayojaa maji machafu, na kigae kinapasuka ukikigonga na ndoo.

Joto la mchana wa pwani linafanya gundi iote ngozi mapema. Gusa kwa kidole; isiposhika kidole, ikwangue uitupe. Kuirudishia maji ni kuiua. Misalaba ya plastiki ya kutenganisha vigae iwe ya milimita 2 ukutani na 3 sakafuni. Kwenye kona zote acha milimita 3 wazi bila gundi. Tundu la koki litobolewe kwa kisu cha duara cha almasi na maji, drili isiwe kwenye nyundo.

Grauti na silikoni

Subiri saa 24, kwangua gundi iliyopanda kwenye mistari, fyonza vumbi. Sementi nyeupe iliyozoeleka ni bei ndogo, lakini inanyonya sabuni na mafuta ya mwili na haitakaa nyeupe. Epoksi ni ghali na inachosha kuipaka, ila ukishaipaka hainyonyi wala haihitaji dawa ya kuziba kila mwaka.

Fanya asubuhi. Changanya kopo zima na kigumishi chake chote, usikisie nusu, na usiongeze maji. Ukishachanganya, mwaga yote kwenye ubao na uitandaze, kwa sababu ikibaki ndani ya ndoo inajipasha moto na kuganda mapema. Una dakika 30 hadi 45, pungufu kwenye joto kali. Isukume kwa mpira mgumu, ukikata mistari kwa mshazari, mita moja ya mraba kwa mara moja, kisha sugua kwa pedi nyeupe na maji ya uvuguvugu na ufute kwa sponji. Rudia kufuta baada ya nusu saa. Ukungu wake ukilala hadi kesho yake, unahitaji dawa maalumu kuutoa. Vaa glovu, epoksi mbichi hukera ngozi.

Kona zote, kukizunguka kichujio na mashina ya koki hazipigwi grauti. Kuta na sakafu hazichezi pamoja kwa joto, kila moja inatembea kivyake, na grauti ngumu itapasuka hapo hata iwe nzuri vipi. Zijaze silikoni, mahali pakiwa pakavu kabisa, ulainishe kwa kidole chenye maji ya sabuni, na usioge kwa siku mbili.

Kutunza

Maji yakiwa ya kisima, usifunge kioo. Kila tone linaacha alama. Uwazi wenye kizingiti unatosha, au ukuta mfupi wa vigae. Baada ya kuoga, pitisha mpira wa kukaushia ukutani, fungua dirisha, na mara moja kwa wiki sugua kwa sabuni ya kawaida ya maji. Asidi za chooni zinakula chuma cha pua na kufifisha koki, na zikikutana na dawa ya klorini zinatoa gesi ya sumu, hasa kwenye bafu lisilo na hewa. Toa nywele kwenye kichujio kila wiki, mimina ndoo ya maji trapuni kabla ya safari ndefu, na silikoni ikianza kuachia ukingoni au kuwa nyeusi kwa ndani, ikate yote kwa wembe, safisha, kausha siku nzima, uweke mpya. Kupaka juu ya ya zamani hakushiki.